Mguu wa Muzee Hitimana

Mtoto wa kwanza kutanguliza mguu hakumshtua mtu. Watoto wamekuwa wakifanya hivyo tangu dunia iumbwe, na wakunga wana mbinu zao. Mama Nyirarukundo, mkuu wa wodi ya wazazi, alinawa mikono, akamtuliza mzazi, akamtoa mtoto salama, kisha akaenda kunywa chai yake kabla haijapoa. Lakini wa pili naye alikuja vivyo hivyo, na aliyemfuata pia, na wote walitanguliza mguu wa kushoto.

Charline, mwanafunzi aliyekuwa akisaidia pale, aliona jambo jingine ambalo hakuthubutu kulisema. Kila mguu ulipotokeza, kabla mwili haujafuata, chumba kilinuka moshi wa kuni na samli ya ng'ombe. Harufu hiyo aliifahamu. Aliifahamu kupita alivyopenda.

Tuanzie pale alipochagua mwenyewe, kwa maana hakuna aliyemlazimisha.

Katika chuo chao cha uuguzi pale Goma, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huchagua wodi atakayofanyia stage, yaani mafunzo ya vitendo, na mwenye alama za juu huchagua kabla ya wengine. Mwaka ule wa juu alikuwa Charline. Usiku wa kuamkia siku ya kuchagua, dada yake Laurence, aliyemlea tangu mama yao alipouawa shambani kule Beni, alimkalisha kitandani, akamshika mkono na kuuweka juu ya tumbo lake.

"Petite, chagua maternité," alimwambia, yaani wodi ya wazazi. "Mbili zimekwisha kunitoka. Hii ya tatu, nataka mukono yenye itaipokea ikuwe yako."

"Nimesikia, yaya," Charline alijibu, kama wanavyomwita dada mkubwa huko.

Kusikia alisikia. Asubuhi akasimama mbele ya darasa, akachagua chirurgie. Vita vilikuwa vimefika Sake, majeruhi wanaletwa kwa pikipiki na kwa malori, na kila mtu mjini alijua kwamba muuguzi aliyepitia wodi ya upasuaji ndiye mashirika ya wazungu yanayemtafuta. Tuseme ukweli: vita huwapa wengine makaburi na wengine kazi. Charline alitaka kazi. Laurence alipoambiwa, aliendelea kuchambua maharagwe.

Huko upasuaji ndiko alikomkuta muzee Hitimana. Alikuwa mfugaji wa Masisi, mrefu, mwenye harufu ya moshi na samli, meno machache na heshima nyingi. Bomu lilimkuta njiani akiwa na ng'ombe wake wawili wa mwisho. Ng'ombe walikufa palepale, wanawe wakatawanyika asijue wako upande gani, na yeye akaletwa na watu asiowajua, mguu wa kushoto ukining'inia. Daktari aliukata juu ya goti.

Hospitali ile, kama nyingine za huko, ilikuwa na desturi yake: daktari hukata, ndugu huzika. Mkono au mguu uliokatwa hufungwa vizuri, hukabidhiwa garde-malade, yule ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa na kumpikia, naye huenda kuuzika kwa heshima. Muzee Hitimana hakuwa na garde-malade. Alipopata fahamu, akamwita Charline.

"Mutoto wangu, ile muguu yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya ndoo, muzee."

"Usikubali baiunguze. Uizike we mwenyewe. Ndani ya udongo, si ndani ya mawe. Na kama unaona mutu mwenye anapanda Masisi, umupe, aipeleke kwetu."

"Barabara ya Sake imefungwa, papa."

"Basi itafutie udongo. Kwetu tunasema, muguu yenye haikuzikwa vizuri inatafuta mutu wa kuibeba mupaka nyumbani. Niapie."

Charline akamwapia, kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake.

Wasioijua Goma watashangaa kwamba udongo unaweza kuwa shida. Mji ule umelala juu ya moto wa volkano uliopoa: mawe meusi, makali, chini ya nyumba, chini ya barabara, chini ya makanisa. Charline alikwenda nyuma ya hospitali na jembe la mtunza bustani. Jembe lililia juu ya jiwe. Akasogea huku, likalia. Akasogea kule, likalia. Viganja vikatoka malengelenge. Jua lilikuwa kali, ndoo ilianza kuvuta nzi, na kule ndani operesheni nyingine ilikuwa inaanza, ile aliyoahidiwa kwamba atashika vyombo.

Shimo moja tu refu lilikuwapo katika ua ule mzima. Lilichimbwa kwa mashine wodi ya wazazi ilipokuwa ikijengwa, likafunikwa kwa zege lenye mlango mdogo wa chuma, na humo ndimo wakunga walimotupa kondo za nyuma. Charline alitazama kushoto na kulia. Akafungua mlango wa chuma, akainamisha ndoo.

Alisubiri asikie kishindo cha kuanguka. Hakukisikia. Akafunga, akaenda kunawa.

"Nimeizika upande wa Mugunga," alimwambia muzee jioni ile. "Iko udongo mwekundu, iko na muti karibu."

Muzee Hitimana alimshika mikono yote miwili, ile yenye malengelenge, akaiona, akalia machozi, akambariki yeye na watoto wake ambao hawajazaliwa. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya Charline ilikuwa na urefu wa ua wa hospitali.

Tangu siku ile hakupata raha. Mzee aliruhusiwa, akapelekwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Bulengo na magongo yake, lakini Charline alipopita kwenye kile kitanda chake alisikia kisigino kikigusa sakafu sambamba na chake, kimoja tu, bila mwenzake. Akasimama, nacho kikasimama. Mwishowe akaenda kwa mkurugenzi wa stage kuomba abadilishiwe wodi.

"We mwenyewe ulichagua," mkurugenzi alimwambia bila kuinua macho. "Wa kwanza wa darasa, sasa unaogopa damu?"

"Dada yangu anakaribia kuzaa, mama. Aliniomba niwe maternité."

Akapewa. Laurence alifurahi mpaka akaimba. Na Charline, katika kukimbia kwake, alikuwa ameruka majivu akakanyaga moto.

Baada ya mguu wa tatu, wakunga waliacha kutaniana. Padri aliletwa, akanyunyiza maji ya baraka kwenye kila kitanda, na hata kabla vitanda havijakauka mwanamke mmoja kutoka kambini akaanza kusukuma, na kilichotokeza kilikuwa mguu wa kushoto. Padri alikuwa bado mlangoni. Alifunga kitabu chake akaondoka haraka, hakuaga.

Mchana, wakati wa kula, ua ulipotulia, mlango wa chuma wa lile shimo uligongwa kutoka ndani. Tup. Kimya. Tup. Mfagiaji alisema ni joto linavimbisha chuma. Kila mtu akakubali, kwa kuwa kukubali ni rahisi kuliko kwenda kutazama.

Kisha akaja msichana mmoja wa Rutshuru, mwembamba, uzazi wake wa kwanza, na Mama Nyirarukundo alikuwa na mgonjwa mwingine chumba cha pili, ikabidi Charline apokee peke yake mpaka mkubwa wake afike. Harufu ya moshi na samli ikajaa chumbani kama vile mtu amefungua mlango wa kibanda cha wachungaji, na mguu mdogo ukatokeza, naye Charline akaupokea kwenye kiganja kama alivyofundishwa, akingoja ulegee kama miguu ya vichanga inavyolegea, lakini haukulegea, bali ulikaza vidole, ukakanyaga kiganja chake mara moja, polepole, ukabonyeza, ukanyanyuka, ukakanyaga tena pembeni kidogo, kama mtu mzima aliyesimama gizani anapoijaribu ardhi kwa unyayo ajue ni udongo au ni jiwe, na ulipoona kwamba kiganja kile si udongo ukarudi ndani, ukamwacha Charline na mkono mtupu ulionyooshwa na msichana yule akipiga kelele kwamba kuna mtu anatembea tumboni mwake.

Mtoto yule alikufa. Msichana alipona, kama kulala ukitazama ukuta ni kupona.

Mama Nyirarukundo alimvuta Charline nyuma ya pazia. Mikono ya mama yule mkubwa, iliyopokea nusu ya mtaa wa Mapendo, ilimshika mabega kwa nguvu.

"Hii maternité imeingiliwa," alinong'ona. "Nimezalisha tangu vita ya kwanza, sijaona hivi. Na imeanza tangu ulikuya. Uniambie, mwana. Ulileta nini humu?"

Charline akasema yote. Aliposema shimo la kondo, Mama Nyirarukundo alijishika kifua.

"Yezu wangu. Ulitupa muguu ya mutu mwenye kuwa muzima ndani ya shimo ya uzazi? Unaona inatafuta kutokea wapi? Iko inatafuta mulango, na mulango hapa ni moja tu." Akafuta jasho. "Enda kwa mwenyewe. Si padri, si muganga. Mwenye muguu, njo yeye atasema."

Lakini kwanza Charline alikimbia nyumbani, akampigia dada yake magoti.

"Yaya, usizalie kwetu. Tutafute hospitali ingine."

Laurence alimwinua kwa mkono. "Nilikuomba uchague maternité juu yangu, ukachagua kazi. Sasa uko pale, unanifukuza? Uko na haya yangu?"

"Hapana, yaya. Niko naogopa."

"Hata mimi niko naogopa. Njo maana nakutaka."

Ukweli angeusema vipi kwa mwanamke ambaye tayari amezika wawili?

Kesho yake alikwenda Bulengo. Alimkuta muzee Hitimana amekaa nje ya kibanda chake cha turubai, magongo yamelala kando, mawe meusi pande zote. Uso wa mzee uling'aa alipomwona, na kung'aa kule kulimuuma Charline kuliko tusi. Akaketi chini kabisa, kwenye mawe, akakiri.

Mzee hakupiga kelele. Alitazama mahali pale ambapo mguu wake ulipaswa kuwa.

"Kila siku nasikia baridi mule," alisema. "Nikasema ni uzee. Kumbe iko ndani ya maji ya damu."

"Unisamehe, papa. Dada yangu anazaa hii wiki."

"Mimi nakusamehe. Sina hasira. Lakini ile muguu haiko mimi tena, iko peke yake, na njo iko na hasira." Akafikiri. "Kama haiwezi kwenda Masisi, Masisi iende kwayo. Tafuta udongo ya kwetu, hata kikombe. Uniletee kwanza ninuse, nisemee maneno. Kisha uumwage ndani, uiambie: umefika, lala. Italala."

Udongo wa Masisi ungepatikana wapi, na barabara imefungwa, na watu wametoka huko na godoro na mtoto mgongoni tu? Charline aliwauliza wakimbizi kambini, wakamtazama kama mwendawazimu. Mmoja alicheka mpaka akakohoa: hata viatu tulivua mtoni, dada.

Alikuwa kwenye pikipiki akirudi, wanapita Birere katikati ya kelele za wauzaji, simu ilipolia. Mama Nyirarukundo: Laurence ameletwa, chupa imepasuka, fanya haraka. Na papo hapo, kana kwamba mbingu imemwonea huruma, sauti ya mama mmoja ikapaa juu ya nyingine zote: "Viazi! Viazi ya Masisi! Masisi, Masisi!"

Charline aliruka kabla pikipiki haijasimama. Viazi vilikuwa vimejaa gunia, vinene, vimevaa udongo wake bado. "Vinatoka Masisi kweli, mama?"

"Na vingine vinatoka wapi, chérie? Masisi tupu!"

Mtu mwenye akili zilizotulia angejiuliza: ikiwa barabara imefungwa na hata mbuzi hapiti, viazi hivi vimeruka? Kila mtu Goma anajua kwamba muuzaji huita viazi vyote Masisi, kwa kuwa vya Masisi ndivyo vitamu. Lakini swali hilo halikumjia Charline. Alitandaza shali yake, akakung'uta gunia zima juu yake huku mama yule akimshangaa, akapangusa kiazi kimoja kimoja kwa viganja, akafunga ule udongo fundo. Kwenda kwanza Bulengo mzee anuse? Bulengo ilikuwa mgongoni, dada yake alikuwa mbele. Akamwambia dereva aende hospitali.

Mlango wa shimo ulikuwa unagongwa alipofika. Tup, tup, tup, bila kupumzika. Charline akaufungua, akamwaga udongo gizani, akabakiza kidogo katika fundo, akasema: "Umefika. Lala."

Kimya. Inzi tu.

Alipoingia wodini, Laurence alikuwa ameshika vyuma vya kitanda. Charline akavaa glavu. Hakukuwa na harufu ya moshi wala ya samli. Kulikuwa na harufu ya dawa na jasho, harufu nzuri kuliko zote duniani. Na kilichotokeza kilikuwa kichwa, chenye nywele nyeusi zilizolowa. Charline alilia kwa sauti. Mama Nyirarukundo akapiga vigelegele, na wagonjwa wa chumba cha pili wakaitikia. Mvulana! Laurence, hoi, akamwita Prodige, kwani alikuwa muujiza wake.

Charline akamfunga kichanga upesi katika kitenge, akamweka kifuani mwa mama yake. Siku ile watoto wengine nao walizaliwa, wote kwa kichwa.

Kwa shukrani, Charline alimpelekea muzee Hitimana sukari, na lile fundo lenye udongo uliobaki, apate walau kuugusa udongo wa kwao. Mzee alilifungua. Akanusa. Akaweka chembe ulimini. Uso wake ukazimika.

"Huu si wa Masisi," alisema. "Wa kwetu ni muzito, unanata mu meno. Huu unapukutika. Nilikuwa nakwenda ng'ambo kutafuta ng'ombe, naujua. Huu ni wa ng'ambo, wa Rwanda. Viazi vyako vilivuka mupaka."

Charline akaweka sukari chini.

"Unajua, mutoto wangu," mzee aliendelea taratibu, "tangu niko mudogo batu banatuambia, sababu luga yetu ni ya Rwanda: rudini kwenu, ng'ambo. Babu yangu alizikwa Masisi. Baba yangu alizikwa Masisi. Kila vita banatuambia: rudini kwenu. Nikakataa. Nikachunga ng'ombe zangu. Na leo we umechukua muguu yangu, umeirudisha ng'ambo."

Charline naye aliwahi kuyasema maneno yale, shuleni, na wenzake, huku wakicheka. Aliyakumbuka sasa, na aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Lakini imelala, papa," alisema. "Mutoto alikuya na kichwa. Hakuna kitu inagonga tena."

"Haikulala." Mzee akamrudishia fundo. "Uliiambia imefika, na haikufika. Imeacha kugonga sababu imekwisha kutoka. Enda utazame mutoto."

Charline alikimbia njia nzima kutoka kituo cha pikipiki mpaka kwa dada yake. Laurence alikuwa amelala na tabasamu usoni. Charline alimchukua Prodige, akamlaza chini ya dirisha, akafungua kitenge. Mguu wa kulia ulikuwa wa kichanga, laini, wa waridi. Wa kushoto ulikuwa mdogo vilevile, lakini baridi, na kisigino chake kilikuwa kigumu, kimepasuka mipasuko mirefu yenye weusi ndani, kisigino cha mtu aliyetembea nyuma ya ng'ombe maisha yake yote. Kidole gumba hakikuwa na ukucha. Charline alikumbuka vizuri ule mguu alipoufunga kuutia katika ndoo: ng'ombe aliwahi kuukanyaga, mzee alisema, na ukucha ule haukuwapo.

Akamfunga tena mtoto. Akamwambia dada yake ni alama ya kuzaliwa tu, na Laurence, aliyengoja sana, akaamini.

Muzee Hitimana alifariki kabla ya mvua kuisha. Walimzika kambini, chini ya mawe, na mguu mmoja. Charline alimaliza chuo, na mashirika yakamwita, akakataa. Alichagua maabara, mahali asipokatwa mtu wala kuzaliwa mtu, akakaa huko na chupa zake.

Alikuwa huko siku Laurence alipompigia simu, sauti imejaa furaha na nyuma ya furaha kitu kingine.

"Petite, kuya uone! Prodige ametembea! Leo, peke yake, bila kushikwa!"

"Mungu asifiwe, yaya."

"Lakini kuya, nakuambia. Anaenda upande moja tu. Tukimugeuza, ile ya kushoto inamurudisha. Tumemufungia mulango, analia, anaupiga na kisigino."

Charline hakuuliza ni upande gani. Aliuliza tu kama barabara ya Sake bado imefungwa.